Maneno Marefu mu Dosye ya Gisubizo

Siku ya posho, 1 mai 2021

Kaye mpya, ya kuandikia. Si ya masomo. Ile ya masomo mwalimu Kamate anaikaguaka, na leo nataka kunung'unika bila kukaguliwa.

Somo ya tatu ya Kialemani, Deutsch kama wenyewe wanavyoiita. Kichwa kinaniuma tangu saa nane. Niko na miaka thelathini na tatu, niko mushonaji, namukatia mama munene robe kwa jicho tu. Na leo neno moja imenishinda. Moja! Familienzusammenführung. Nilifikiri mwenye kuchapa kitabu alisahau kuacha nafasi. Mwalimu akacheka, akasema hapana mama, ni neno moja, na njo yako hii: kurudisha jamaa pamoja.

Basi ni yangu. Papa Gisubizo, bwana wangu, ako Alemani tangu 2015. Sasa amepata karatasi ya kukaa, anataka kutuita, mimi na watoto wawili. Gisubizo ako na miaka kumi na mbili, Mugisha ako na munane. Lakini bila egzame ya lugha, ambasade haitanisikiliza. Njo maana kila siku ya posho niko mu kile chumba nyuma ya duka ya mbao, hapa Ndosho, napiga makofi na watu wengine watatu kama chorale iliyosahau wimbo.

Ndiyo, makofi! Njo metode ya mwalimu: kila silabe kofi moja. Fa-mi-li-en-zu-sam-men-füh-rung. Makofi tisa. Viganja viliwaka moto na sikuelewa kitu.

Siku ya ine, 6 mai 2021

Leo waaskari wamechukua kiti cha gavana, wanaita état de siège. Wateja wote wanauliza itabadilisha nini. Sijui. Mimi niko na vita yangu.

Haustürschlüssel. Sisi tunasema ufunguo ya mulango ya nyumba, kitu chenyewe kwanza, mengine nyuma. Wao wanaanza na nyumba, wanapita mulango, na ufunguo inakuja mwisho kabisa, wakati umeshachoka kungoja! Mwalimu anasema: anzia nyuma, mama. Ile ya mwisho njo mukubwa, zingine zote zinamubebea mizigo tu.

Na Handschuh? Kiatu cha mukono. Gant, glavu! Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Watu wazima, wenye kutengeneza magari, wanavalisha mukono kiatu.

Siku ya pili, 11 mai 2021

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Kumbe kuko kukata mara mbili! Kukata ya mudomo, na kukata ya maana, na hazikati mahali pamoja.

Geburtsurkunde, acte de naissance. Kwa mudomo: Ge-burts-ur-kun-de, makofi matano. Mustari ikiisha unaweza kukata pale, ukaenda chini. Lakini kwa maana ni vipande viwili tu: Geburt, kuzaliwa. Urkunde, karatasi ya serikali. Na ile «s» ya katikati? Nilimuuliza mwalimu inamaanisha nini. Haina maana, akasema, inashikilia tu. Nikamuambia basi ni uzi. Akasema: mama, tangu nifundishe hakuna aliyenielezea vizuri hivyo. Yeye mwenye alisoma miaka ine kule Alemani! Alienda kuwa padri, akarudi Butembo bila kuwa padri, hakuna anayemuuliza.

Leo jioni Gisubizo alinisaidia kupiga makofi. Yeye anashika mbio. Mugisha anapiga tu, ata pasipo silabe.

Nimemupa Papa Célestin makaratasi yote ya watoto: karte za ubatizo, zile za zamani za komini, fotokopi. Yeye njo anajua kuzungusha dosye ku ofisi. Anaikaa Buhene. Ameahidi wiki tatu. Nimesema wiki tatu za nani, zako ao zangu? Akacheka.

Siku ya Mungu, 23 mai 2021

Tuko Sake. Volkano imetoka.

Jana mbingu ilikuwa nyekundu kama sufuria imewaka chini. Hakuna aliyetuambia kitu. Mutu mmoja anasema kimbia, wa pili anasema si kwetu, wa tatu anasema inaelekea airport. Nilifunga machini ya kushona na minyororo — kwa nini? Nani ataiba machini mbele ya moto? Alafu nikamushika Gisubizo mukono huu na Mugisha mukono ingine, tukatembea. Watu wote wa Goma barabarani, magodoro, mbuzi, televizio. Kuko bibi alikuwa amebeba mulango. Mulango tu!

Leo asubui wanasema moto imesimama. Wengine wanarudi. Sijui turudi ao tubakie.

Gisubizo ananiuliza volkano inasemwaje. Vulkanausbruch. Vul-kan-aus-bruch. Makofi mane. Nilidhani kitu kikubwa hivi kingekuwa na neno ndefu zaidi.

Siku ya ine, 27 mai 2021

Tulirudi nyumbani, sasa tumerudi Sake tena! Gavana amesema tutoke wote, moto iko chini ya mitaa, chini ya ziwa. Udongo inatetemeka kila saa. Tunalala mu kanisa, watu kumi na tisa ku benchi tano. Hakuna maji. Simu iko na nguvu kidogo.

Papa Célestin alipiga. Yuko salama, bibi yake salama. Nyumba haiko. Lava imepita juu yake, akasema ameona bati ikienda. Sikuwa na roho ya kumuuliza. Yeye mwenyewe akasema: Mama Gisubizo, na dosye zako zilikuwa mule.

Nikamuambia asante Mungu muko wazima. Alafu nikaenda nyuma ya kanisa nikalia kwa hasira. Miezi sita ya kutafuta zile karatasi! Naona haya kulilia karatasi wakati mutu amepoteza nyumba. Lakini nimelia.

Siku ya tatu, 9 juin 2021

Nyumbani. Ukuta imepasuka, mukono inapita. Machini iko pale pale na minyororo yake.

Siku ya kwanza, 2 août 2021

Papa Gisubizo ametuma foto ya barua ya ofisi ya kule. Alieleza kwamba actes ziliungua, kwamba tutatengeneza zingine. Wamejibu kwamba zile za kutengeneza sasa hawaziamini. Wanataka kitu kingine, na yeye mwenyewe hajui vizuri ni nini, anajua Kialemani ya depot anamofanya kazi, si ya ofisi.

Abstammungsgutachten.

Nilichukua makasi ya kweli. Nikaandika neno ku karatasi ya patron, ile ya kupimia nguo, nikaikata. Ab-stam-mungs-gut-ach-ten. Makofi sita. Gut najua, ni muzuri. Acht ni nane. Wazuri nane? Upuuzi! Nikashika dictionnaire, nikatafuta Stamm. Shina ya muti. Na chini yake: kabila.

Kabila! Sisi wa Rutshuru wenye kusema Kinyarwanda tumeulizwa kabila ku kila barrière, na kila mwenye bunduki, tangu nizaliwe. Ata Alemani? Mchana nimeshona mukono ya kushoto ku bega ya kuume. Mama Furaha wa jirani amecheka mpaka akakaa chini. Sikumuambia sababu.

Siku ya posho, 7 août 2021

Si kabila. Mwalimu amenitengenezea. Gutachten ni ripoti ya mutu mwenye ufundi, usiikate tena, akasema, kuko mahali makasi inasimama. Abstammung ni kutoka: mutu ametoka ku nani. Wanachukua mate ya mutoto, ya mama, ya baba, wanalinganisha mu machini. Inasema kama ni damu yenu.

Wote mu chumba wakanifurahia. Basi ni rahisi! Mate tu! Nami nikacheka nao.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Moto-taxi zilinipigia honi, sikuita hata moja.

Siku ya Mungu, 8 août 2021

Naandika hapa sababu hakuna anayesoma. Sijawahi kuandika hii, ata kuisema kwa sauti.

Gisubizo sikumuzaa.

Alizaliwa na Léonie, dada yangu mukubwa, mu vita ya 2008, kule Rutshuru, wakati watu walikuwa wanakimbia huku na kule bila kujua nani anamufukuza nani. Léonie alitoka damu siku kumi na moja, akaisha. Baba ya mutoto alienda kutafuta chakula, hakuonekana tena mpaka leo. Mimi nilikuwa na miezi mine ya ndoa. Mama yetu, Mukakalisa, akaniwekea mutoto mu mapaja, akasema kwa Kinyarwanda: uyu ni uwawe. Huyu ni wako. Basi. Hakuna kikao, hakuna karatasi. Ku ubatizo padri aliuliza baba ni nani, Havugimana, bwana wangu, akasema ni mimi, kabla ata sijamuangalia. Siku ile nilimupenda zaidi ya siku ya ndoa.

Tangu pale niko Mama Gisubizo, naye Papa Gisubizo. Hapa Ndosho hakuna anayejua kwamba naitwa Dative! Mutoto wa dada ni mutoto wako, kuko nini ya kueleza? Kumuambia ingekuwa kumufukuza. Kila mwaka nilisema akikua. Amekua.

Na kule Alemani, siku ya kwanza walimuuliza Havugimana: watoto wangapi? Akasema wawili. Hakudanganya! Angesema mmoja, pale njo angedanganya. Lakini mate haijui hiyo yote.

Siku ya Mungu, 15 août 2021

Tumegombana ku simu, mimi na yeye, mara ya kwanza tangu aende.

Anasema: mate ya Gisubizo ikikataa, watasema nilidanganya tangu 2015. Watagusa karatasi yangu. Watamukataa na Mugisha, wataikataa dosye yote. Anasema: tuseme Gisubizo anabakia kwa nyanya yake Bunagana, haji. Wewe kuja na Mugisha. Tukishafika tutatafuta njia ya kumuita.

Nikamuuliza: tukishafika njo lini?

Alafu nikasikia analia, mwanaume mukubwa, mu chumba ya watu wane kule. Alisema: unafikiri mimi sikumubeba? Nilimubeba mugongoni mpaka Kibumba. Nikataka kumuambia pole, rezo ya simu ikakatika. Sikupiga tena.

Siku ya posho, 18 septembre 2021

Nimemuuliza mwalimu Kamate kando, kisha somo. Nikasema ni dosye ya rafiki. Alinisikiliza akifuta ubao, hakuuliza jina ya rafiki.

Alafu akaandika. Kind ni mutoto. Schulkind, mutoto wa masomo. Einzelkind, mutoto wa peke. Waisenkind, mutoto yatima. Stiefkind, wa kambo. Pflegekind, wa kulelewa. Yote makofi mawili ao matatu, yote rahisi, nimeelewa yote bila makasi. Kwa mara ya kwanza nimeelewa yote na ninatamani nisingeelewa. Kwetu unaita «mutoto!» na wote wanakuja. Wao wanamutia kila mmoja kitu mbele, wajue wamupeleke chumba gani.

Mwalimu anasema rafiki yangu aandike ukweli: ni Pflegekind, na maelezo, na mashahidi. Nikamuuliza kama wanakubali. Akasema alishaona dosye moja ya hivyo ikikubaliwa. Moja. Na ilichukua miaka mingi, na mama aliitwa na watoto wake wa kuzaa mbele, yule mwingine alibakia akingoja.

Basi kusema ukweli, anabakia. Kunyamaza, wanatukataa wote. Kumuondoa ku dosye, anabakia. Nimezungusha hii kila upande, haitoki.

Siku ya pili, 9 novembre 2021

Mama amepiga simu kutoka Bunagana. Usiku wa kuamkia jana walisikia bunduki ku vilima, wakavuka mupaka mpaka Uganda, sasa wamerudi. Wanasema ni waasi wale wale wa 2012. Wengine wanasema hapana, ni wengine. Anasema ng'ombe ya jirani imekufa, yeye ako muzima, na Gisubizo anasoma vizuri? Nimesema anasoma vizuri.

Havugimana anasema tuliza roho, itapita. Dosye yenyewe imelala ku ofisi ya kule, hakuna anayejibu.

Siku ya tano, 4 mars 2022

Nimepita! 68 juu ya 100! Mimi! Mwalimu Kamate amenunua fanta ya watu wote.

Ku egzame ya kusema, mama mmoja mwenye miwani aliniuliza: Haben Sie Kinder, uko na watoto? Nikasema Ja, zwei, ndiyo, wawili. Akaandika. Ilikuwa swali ya rahisi kuliko zote, na njo pekee yenye ilinitoa jasho.

Siku ya kwanza, 30 mai 2022

Dosye imeamuka. Barua, formulaire, na rendez-vous: tarehe 24 juin, ku daktari wa ambasade, Kinshasa, wa kuchukua mate. Formulaire ni karatasi moja yenye stampi. Kuijaza, kutia sinyatire, kuipeleka mwenyewe.

Havugimana ametuma tikiti za ndege. Nimezifungua mara tatu. Ziko mbili.

Anasema: umupeleke Gisubizo Bunagana mbele ya safari, ukimuambia ni vakansi. Nimesema ndiyo. Sijui kwa nini nimesema ndiyo. Nilikuwa na bwana wa kaunda anangoja vifungo, simu ku bega, nikasema ndiyo.

Mu vita! Kule kuko vita tangu mars, inatulia, inarudi. Lakini mama yuko pale bado, soko inafunguka, malori zinapita. Watu wanaishi. Ao najidanganya?

Siku ya posho, 11 juin 2022

Nimefunga mufuko ya Gisubizo. Kesho asubui tunapanda gari ya Bunagana. Ameniuliza kwa nini nimetia trikoti mbili na viatu vya misa, kwa wiki mbili. Nikasema kule kuko baridi. Akanijibu: ndiyo mama. Ana ile sauti ya mutu mwenye hajaamini na hataki kusumbua.

Aliniomba kubeba kaye yake ya Kialemani. Nilimuambia iache, utaipoteza. Ni vibaya. Ningemuachia.

Siku ya Mungu, 12 juin 2022

Hatukuenda. Ku parking shofere alitukataza: mama, hakuna gari inaenda kule, tangu asubui wanapigana. Nilibishana naye! Mutu mzima, nilisimama pale nikabishana ili anipelekee mutoto mu mabomu. Alisema: wewe uko mama wa namna gani? Gisubizo alikuwa pembeni yangu na mufuko. Alisikia.

Simu ya mama haipiti.

Siku ya kwanza, 13 juin 2022

Bunagana imeanguka. Redio inasema, Facebook inasema, mara inakataa, mara inasema tena. Waasi wamekamata, waaskari wamevuka Uganda. Simu ya mama bado.

Siku ya tatu, 15 juin 2022

Mama amefika! Juu ya lori ya makala ya kupikia, siku mbili njiani, miguu imevimba. Na kitambaa kimoja na sufuria. Nilimukumbatia tukaanguka karibu na mutaro.

Mujini kuko maandamano, vijana wanapiga kelele, wanatafuta «Wanyarwanda». Mama akaanza kunihadithia kwa Kinyarwanda tukiwa juu ya moto-taxi, nikamuziba mudomo na kiganja changu. Mama yangu! Muzee wa miaka sabini, nimemuziba mudomo kama mutoto. Tulienda hivyo mpaka nyumbani.

Mu nyumba nikamuelezea yote: mate, tikiti mbili, kwamba nilitaka kumuletea Gisubizo. Nikamuuliza sasa tufanye nini. Akasema nyumba yake wanalala waasi wasiojua jina lake, hana pa kumuweka ata kuku. Alafu akaniuliza: mutoto anajua? Nikasema hapana. Akasema basi unangoja nani amuambie, machini ya Wazungu?

Siku ya ine, 16 juin 2022

Nimemuambia.

Tulikuwa tunaondoa uzi ku robe ya zamani, mimi upande huu na yeye ule. Nilianza vibaya. Nilianza na mate, na ofisi, na Abstammung, nikazunguka, nyumba, mulango, ufunguo mwisho. Mwishoni nikasema Léonie. Akasema: mama Léonie wa ku foto? Nikasema ndiyo. Akaendelea kuvuta uzi. Alivuta mpaka mukono yote ya robe ikaachana, akaikunja, akaiweka juu ya machini.

Aliuliza neno moja tu: Mugisha? Nikasema Mugisha nilimuzaa. Akatoka inje. Nilitaka kumufuata, mama akanishika sketi.

Siku ya posho, 18 juin 2022

Gisubizo anapika, anafua, anamupeleka Mugisha ku bomba, anarudi. Ananiitikia «ndiyo» na «apana». Hajaniita Mama tangu siku ya ine. Nimehesabu — najua ni ujinga, lakini nimehesabu.

Havugimana ameandika: umefanya nini? Siku sita zinabaki. Sikujibu. Sielewi ata nini nataka. Nataka vyote. Nataka Mugisha amuone baba yake mwenye anamujua ku simu tu. Nataka kulala pembeni ya bwana wangu, miaka saba sasa! Na siwezi kupanda ndege nikimuacha yule inje akianika nguo.

Siku ya Mungu, 19 juin 2022

Tumetoka misa. Nilienda kununua maharagi, nikakuta foleni ku muuzaji, nikakawia.

Nimerudi, nimemukuta Gisubizo ameketi ku machini yangu, formulaire mbele yake, biki mukononi. Yeye njo anatujaziaka makaratasi yote ya nyumba hii, andiko lake ni zuri kuliko langu. Amejaza jina langu, Dative, herufi kubwa. Jina la Havugimana. Tarehe zote, hakukosea ata moja. Alikuwa amefika ku ile sanduku ya mwisho, Verwandtschaftsverhältnis. Muko nini kwa mwenye kuomba. Sijui alikata vipande vingapi kuielewa, lakini ameielewa.

Ku Mugisha ameandika Sohn. Mutoto mwanaume.

Chini yake, jina lake lote, tarehe yake ya 2008, na mbele yake: Tochter. Mutoto mwanamuke. Hakutia kitu mbele ya ile neno. Na ni biki ya bleu, si crayon ya kufutika.

Nikamuambia polepole: Gisubizo, mate itasema ingine. Akasema: najua, Mama. Mate itasema yake. Hapa wanauliza mutu.

Akasimama, akaenda kumusaidia nyanya yake kuchambua maharagi. Wako pale ku mulango, wanachambua, hawaniangalii.

Chini kabisa kuko mustari wa sinyatire ya mama. Juu ya ule mustari wameandika kwa Kifaransa, niisome vizuri: mwenye kudanganya, dosye yote inakataliwa. Yote. Havugimana amepiga mara tatu, simu inatetemeka juu ya meza, sijaishika. Kuko njia ya kukata mustari ya pili na kuandika neno ingine juu. Kuko njia ya kuchana karatasi. Mugisha anauliza kama ku ndege wanatoaka chakula.

Biki ameniachia juu ya formulaire. Ni moja tu mu nyumba, njo hii naandika nayo.